Je, leseni ya mgahawa wa mwenzetu inatosha kuchezesha bahati nasibu ya chama Toronto?

Swali: "Mimi ni katibu wa chama cha wazungumzaji wa Kiswahili hapa Toronto. Wanachama wetu wametoka Kongo, Burundi, Kenya na Tanzania. Tumekuwa tukikutana kwa miaka mitatu, ila cheti cha usajili wa shirika lisilo la faida tulikipata miezi minane iliyopita. Tunataka kuchezesha bahati nasibu mwezi wa Desemba: tiketi 2,000 za dola 5 kila moja, zawadi ya kwanza safari ya ndege ya kwenda na kurudi Afrika Mashariki, ya pili televisheni, na zote pamoja zina thamani ya kama dola 2,500. Fedha zitakazopatikana tungependa zichimbe kisima katika kijiji kimoja cha Kivu Kusini. Mwenzetu mwenye mgahawa anasema leseni yake ya biashara inatosha, tiketi ziuzwe kwake. Mwingine anasema tukiandika 'mchango' badala ya 'bei' hatuhitaji leseni yoyote. Wazee wetu wanasema tuachane na jambo hili kabisa. Tumsikilize nani?"

Jibu: Ndugu katibu, nashukuru kwamba umeuliza kabla tiketi hazijachapwa, kwa sababu maswali ya aina hii mara nyingi huletwa zikiwa zimeshauzwa, na hapo ushauri hubadilika sana. Wenzako wawili wote wamekosea, kila mmoja kwa njia yake. Wazee wako karibu zaidi na sheria, ingawa mlango uliofungwa una ufunguo wake. Hata hivyo, kikwazo kikubwa katika mpango wenu ni kile ambacho hukukiuliza: kisima chenyewe. Nitakifikia, lakini kwanza tuelewane juu ya tofauti ya leseni hizi mbili, maana mkanganyiko wote umeanzia hapo.

Watu wengi huchukulia leseni ya biashara na leseni ya bahati nasibu kuwa karatasi za ukoo mmoja, kwa kuwa zote mbili huweza kutolewa na jiji. Mizizi yake ni tofauti kabisa. Biashara halali, kwa ujumla, ni jambo ambalo mtu yuko huru kulifanya, na leseni hudaiwa pale tu ambapo sheria ndogo za jiji zimeitaja biashara ya aina hiyo. Bahati nasibu iko kinyume chake: Sheria ya Makosa ya Jinai ya Kanada, katika kifungu cha 206, inaikataza tangu mwanzo, na kifungu cha 207 ndicho kinachofungua nafasi chache za kuiendesha bila kutenda kosa. Ndiyo kusema, anayeuza chakula bila leseni amevunja sheria ndogo ya jiji, ilhali anayechezesha bahati nasibu bila leseni ameingia katika eneo la jinai, ambako adhabu inaweza kufikia kifungo cha miaka miwili na ambako hata mnunuzi wa tiketi anatajwa kuwa na kosa. Sisemi hivyo ili kuwatisha wanachama. Ninataka uone kwa nini leseni ya mgahawa, hata ikiwa safi namna gani, haiwezi kuhalalisha jambo ambalo haikuundwa kulihalalisha.

Kuhusu mwenzetu mwenye mgahawa, ningemwomba kwanza aitazame upya karatasi anayoiita leseni. Mtu anayesajili jina la biashara yake katika jimbo la Ontario hupewa hati ya usajili, ambayo kwa miaka mingi iliitwa Master Business Licence, na ambayo kwa mtandao hulipiwa dola 60 na hudumu miaka mitano. Jina hilo limewapoteza wengi. Hati hiyo huthibitisha kwamba jina la biashara limesajiliwa katika daftari la jimbo, na benki huitaka ili kufungua akaunti, lakini haimruhusu mtu kupika wala kuuza chochote mahali popote. Leseni ya kuendesha mgahawa hutolewa na jiji lenyewe, kwa mamlaka ya City of Toronto Act ya mwaka 2006, na masharti yake yamo katika Sura ya 545 ya Toronto Municipal Code. Manispaa nyingine za Ontario hupata mamlaka kama hayo katika Municipal Act ya mwaka 2001, na kila moja hujitungia orodha yake, kwa hiyo biashara inayodaiwa leseni katika mji mmoja huenda isidaiwe katika mji wa jirani.

Kabla ya kutoa leseni, jiji huangalia kama eneo limetengwa kwa matumizi ya aina hiyo, na wakaguzi wa afya huja na orodha yao: maji ya moto, mahali pa kunawia mikono, majokofu, na mtu mwenye cheti cha usalama wa chakula anayekuwepo wakati wote wa kazi. Ule ubao wa kijani, wa njano au mwekundu unaoonekana mlangoni mwa migahawa ya Toronto ni matokeo ya ukaguzi huo wa afya, wala si leseni. Jiji likikusudia kumnyima mtu leseni au kuifuta, shauri lake huweza kusikilizwa na Toronto Licensing Tribunal. Mwenzenu akiwa na leseni ya jiji na ubao wa kijani, basi mgahawa wake uko sawa, na anaweza kuwasaidia sana: kuwapa meza, kutoa zawadi, kupika chakula cha hafla. Hawezi kuwa mwendeshaji wa bahati nasibu, kwa sababu sheria inataka asasi ya hisani yenyewe ndiyo iiendeshe na kuisimamia, na mapato yote yapitie katika vitabu vya asasi hiyo.

Sasa tuje kwa ndugu wa "mchango". Sheria haisomi neno lililoandikwa kwenye tiketi, inatazama kilichotendeka. Mahali ambapo mtu ametoa fedha, akapata nafasi ya kushinda kitu chenye thamani, na mshindi akapatikana kwa bahati, mambo matatu yanayofanya bahati nasibu yamekamilika, uite mchango, zaka au zawadi kwa mama. Hivyo hivyo kwa kiingilio cha hafla ambacho ndani yake mna namba ya kushindania televisheni: aliyelipa kiingilio amelipia na ile namba. Wapo pia wanaopendekeza kumwuliza mshindi swali dogo la hesabu kabla ya kumkabidhi zawadi, kwa sababu wameliona katika mashindano ya maduka. Desturi hiyo ya Kanada, ambayo huwashangaza wageni, kweli imetokana na kifungu hichohicho cha 206: kampuni huweka nafasi ya kushiriki bila kununua chochote, kisha huongeza swali ili ushindi usiwe wa bahati tupu. Ninyi mnakusudia kupokea dola 5 kwa kila tiketi, na sheria inakataza pia mchezo uliochanganya bahati na ujuzi pale ambapo mshiriki amelipa. Swali la saba mara nane halitawaokoa.

Njia iliyo wazi ni ile iliyoanza na marekebisho ya mwaka 1969, ambayo yaliruhusu asasi za hisani na za dini kuchezesha bahati nasibu kwa leseni ya jimbo. Katika Ontario, jimbo limegawa kazi hiyo kati ya Alcohol and Gaming Commission of Ontario, inayofahamika kama AGCO, na manispaa. Bahati nasibu ya tiketi ambayo zawadi zake zote kwa pamoja hazizidi dola 50,000 hupewa leseni na manispaa, na zaidi ya hapo huenda AGCO. Zawadi zenu za dola 2,500 ziko ndani kabisa ya mamlaka ya jiji. Ada ambayo manispaa inaruhusiwa kutoza haizidi asilimia 3 ya thamani ya zawadi, ambayo kwenu ni dola 75 kwa juu kabisa. Gharama, basi, si tatizo. Tatizo ni kustahili.

Cheti cha shirika lisilo la faida hakiwapi haki ya leseni hii peke yake, na hata namba ya usajili wa hisani kutoka mamlaka ya mapato ya Kanada, yaani CRA, haimlazimishi afisa wa jiji kukubali. Yeye hufanya uamuzi wake mwenyewe juu ya mambo mawili: kwanza, je, kazi za chama ni za hisani, yaani kupunguza umaskini, kuendeleza elimu, kuendeleza dini, au kuleta manufaa mengine kwa jamii, pili, je, chama kimekuwepo kwa angalau mwaka mmoja kikifanya kazi hizo. Chama ambacho kazi yake ni wanachama kukutana, kula pamoja na kuzikana, hata kiwe na upendo kiasi gani, kwa kawaida hakistahili, kwa sababu manufaa yanarudi kwa wanachama wenyewe. Hapa ndipo vyama vyetu vingi hukwama, na naomba mjipime kwa uaminifu. Mkiwa na madarasa ya Kiswahili ya watoto, msaada wa kuwapeleka wageni waliofika karibuni katika ofisi za makazi na shule, au kikapu cha chakula kwa familia yoyote yenye shida, hizo ndizo kazi za kuziweka mbele ya afisa.

Kuhusu ile miezi minane, msikate tamaa mapema. Kinachotazamwa ni uhai na kazi ya chama, na tarehe ya cheti ni sehemu tu ya ushahidi. Kusanyeni mihutasari ya mikutano ya miaka mitatu, taarifa za benki, matangazo ya shughuli na katiba ya zamani kama ilikuwepo. Afisa anaweza kuridhika, na anaweza pia kuwaambia mrudi baada ya miezi minne. Akisema hivyo, Desemba imewaponyoka, na ni afadhali kulijua hilo sasa.

Narudi kwenye kisima. Leseni hizi za Ontario hutolewa kwa masharti kwamba mapato yatumike kwa shughuli za hisani zinazowanufaisha wakazi wa Ontario. Kijiji cha Kivu Kusini, hata kiwe na kiu kiasi gani, hakimo. Najua jambo hili huwauma watu, maana karibu kila chama chetu ughaibuni kimezaliwa na neno la nyumbani: shule imeezuliwa, zahanati haina kitanda, wanawake wanatembea saa nzima kufuata maji. Mtu akiambiwa kwamba fedha alizozichanga kwa ajili ya mama yake ni lazima zibaki Toronto, huona ni ubahili wa serikali. Ukiitazama sheria kwa utulivu utaona mantiki yake: jimbo linatoa ruhusa ya pekee kwa kitu ambacho vinginevyo ni kosa, na bei ya ruhusa hiyo ni kwamba faida ibaki kwa watu wa jimbo, mahali ambapo mkaguzi anaweza kuifuata dola kwa dola. Mnaweza kutokubaliana na mantiki hiyo. Msichoweza kufanya ni kuandika "elimu ya watoto" kwenye fomu kisha kupeleka fedha Bukavu, kwa sababu baada ya droo mtadaiwa ripoti yenye kuonyesha fedha zimekwenda wapi, na uongo huo wa kwenye fomu utawafuata katika kila ombi lijalo.

Yako mambo mnayoweza kufanya kwa halali, nami nitayapima kama ninavyoyaona. La kwanza ni kuchezesha bahati nasibu kwa ajili ya kazi zenu za hapa, kisha ada za uanachama na michango ya kawaida, ambayo mpaka sasa imekuwa ikilipia darasa la watoto, ikaelekezwa kwenye kisima. Hilo linaruhusiwa kadiri ninavyolielewa, lakini vitabu vitenganishwe kikweli na uamuzi uandikwe katika muhtasari wa kamati. Linafaa kwa chama chenye mweka hazina makini. Kwa chama ambacho risiti hukaa katika mfuko wa koti, litaleta balaa. La pili ni kuacha bahati nasibu na kufanya mnada. Televisheni ikipigiwa mnada, anayeipata ni aliyetoa bei kubwa, hakuna bahati ndani yake, na leseni ya bahati nasibu haihusiki. Safari ya ndege inaweza kupigiwa mnada vilevile, na katika ukumbi wenye watu wachangamfu ikaleta zaidi ya bei yake ya dukani. La tatu ni harambee ya wazi, kila mtu atoe alichonacho kwa jina la kisima, bila namba, bila droo. Wakenya na Watanzania katika chama chenu hawahitaji kufundishwa jinsi inavyoendeshwa.

Mimi ningechagua la pili na la tatu kwa usiku mmoja, kwa sababu fedha za njia hizo hazifungwi na lile sharti la wakazi wa Ontario, na pia kwa sababu nyingine ambayo hukuitaja lakini naihisi nyuma ya maneno ya wazee wenu: wapo wanachama, Waislamu na baadhi ya Wakristo, ambao kamari kwao ni haramu hata ikivaa kanzu ya hisani. Kuwalazimisha kuuza tiketi kutagawa chama kwa faida ya dola chache. Kumbukeni tu kwamba, kwa kuwa hamjasajiliwa CRA kama asasi ya hisani, hamwezi kumpa mchangiaji stakabadhi ya kupunguzia kodi, na mtu asiahidiwe jambo hilo jukwaani. Mkija kusajiliwa huko baadaye, kupeleka fedha nje ya nchi kutakuwa na kanuni zake, zilizobadilishwa mwaka 2022, na hapo mtahitaji mhasibu.

Kama bado kamati itataka bahati nasibu kwa kazi za hapa, hesabu yenu nimeipitia. Tiketi 2,000 kwa dola 5 ni dola 10,000 zikiuzwa zote. Zawadi zinatakiwa ziwe na thamani isiyopungua asilimia 20 ya kiasi hicho, yaani dola 2,000, na zenu zimevuka. Thamani huhesabiwa kwa bei ya dukani hata kama kitu mmepewa bure. Jambo linalosahauliwa ni kwamba zawadi mlizozitangaza ni deni. Mkiuza tiketi 300 tu mmepata dola 1,500, na safari ya ndege bado ni lazima itolewe. Mtu akishinda hamwezi kumwambia kwamba mauzo yalikuwa mabaya. Ndiyo maana sishauri chama kichanga kinunue zawadi kwa fedha zake. Tafuteni wafadhili watoe zawadi, na mwenye mgahawa awe wa kwanza. Ikishindikana, punguzeni: tiketi 500 na zawadi za dola 600 zilizofadhiliwa ni mwanzo wa heshima.

Masharti mengine yasiwasumbue sana, ila yashikeni. Tiketi haiuzwi kwa mtu aliye chini ya miaka 18. Fedha huingia katika akaunti ya pekee ya bahati nasibu, yenye watia saini wawili, na hazichanganywi na za chama. Tiketi na kishina chake huwa na namba moja, na juu ya tiketi huandikwa namba ya leseni, jina la chama, bei, idadi ya tiketi zilizochapwa, zawadi, na siku na mahali pa droo. Kwa kuwa namba ya leseni ni lazima iwepo, kuchapa kabla ya leseni ni kutupa fedha. Tiketi huuzwa ndani ya Ontario tu, kwa hiyo binamu wa Montreal au Minneapolis hawezi kununua, na mkitaka kuuza katika manispaa nyingine za jimbo, mathalani Hamilton, mwulizeni afisa kwanza. Kuhusu kuuza kupitia kundi la WhatsApp na kupokea fedha kwa simu, tahadhari iwe kubwa zaidi. Sheria ya jinai iliwazuia kabisa waendeshaji wa hisani kutumia kompyuta hadi marekebisho ya mwaka 2014, na jimbo nalo limeweka viwango vyake juu ya mifumo inayokubalika. Jambo hilo liulizeni kwa maandishi na mhifadhi jibu.

Sasa hivi, kabla ya kitu kingine, mwandikieni jiji, au mpige simu 311 muulize ni dawati lipi linaloshughulikia leseni za bahati nasibu za hisani, muombe miadi. Katika miji mingi midogo ya Ontario kazi hiyo hukaa kwa karani wa mji. Nendeni wawili, wewe na mweka hazina, mkiwa na katiba, cheti cha usajili, orodha ya viongozi, taarifa ya fedha ya mwaka uliopita, bajeti, maelezo ya kazi mlizofanya na mlizokusudia, kielelezo cha tiketi na kanuni za droo. Msiende mkiwa na hadithi ya kisima katika fomu ya bahati nasibu. Afisa akikataa, mwombeni aeleze sababu kwa maandishi, kwa kuwa sababu hiyo ndiyo itakayowaonyesha cha kurekebisha katika katiba yenu.

Yapo mazingira mawili ambayo majibu yangu hayatoshi. Kama katika kundi lenu kuna mtu ameshaanza kuuza tiketi, hata kumi tu, simamisheni leo, andikeni kila jina na kiasi, rudisheni fedha, na kamati imwone wakili kabla ya kuzungumza na ofisi yoyote. Law Society of Ontario, chombo kinachosimamia mawakili, ina huduma ya kumwelekeza mtu kwa wakili, na mazungumzo ya awali, hadi nusu saa, huwa ya bure. La pili ni la mwenzenu mwenye mgahawa: ikitokea kwamba ana ile hati ya jimbo tu na hana leseni ya jiji, asisubiri mkaguzi amkute. Aende mwenyewe ofisi za leseni za jiji na hati yake ya usajili, mkataba wa pango na matokeo ya ukaguzi wa afya, na ahakikishe jambo hilo limekwisha kabla chama hakijaweka meza yoyote mlangoni kwake.